Michembe Mibichi

Minza ni mimi, na Mama Minza, tuliyemzika mwezi wa saba kijijini kwetu huko Kishapu, hakunizaa. Jina hilo alipewa na majirani siku ile ile baba alipomleta nyumbani, maana kwetu mwanamke aliyeolewa haachwi hivi hivi bila kuitwa mama wa mtu, na mtoto aliyekuwapo pale nyumbani nilikuwa mimi. Mimi sikuulizwa. Baadaye alimzaa Shija, akazaa na wengine wawili, lakini jina la kwanza halikubanduka, na fundi aliyeandika msalaba wake aliandika hilo hilo bila kumwuliza mtu. Nilisimama mbele ya msalaba ule, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, nikasoma jina langu juu ya kaburi la mtu mwingine.

Kwetu msiba haukosi watani. Jeneza lilikuwa bado halijatoka ndani Holo alipoingia uwanjani amejifunga khanga ya marehemu kifuani, ungo mkononi. Holo ni mtani wa ukoo wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya filimbi, na kazi yake siku ile ilikuwa kutupunguzia kilio. Alikaa chini, akachukua kipande cha kiazi kikavu kutoka kwenye ungo, akakivunja karibu na sikio, akasema kwa sauti ya marehemu kabisa kwamba imekauka, jamani, leteni samadi tufunge kihenge. Kisha akajifanya anafungua kihenge, akanusa, akaanguka chali. Uwanja mzima ulicheka, wazee kwa vijana, hata Shija mwenye macho mekundu alicheka huku ameshika ubavu. Kila mtu pale aliijua hadithi: Mama Minza ndiye mwanamke aliyefunga kihenge cha michembe mibichi, viazi visivyokauka vikaoza ghalani, mwaka ule mume wake alipokuwa machimboni. Kwa miaka zaidi ya arobaini alipikia harusi na misiba ya kijiji kizima, hakuunguza hata chungu kimoja, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni hicho. Nami nilicheka pamoja nao, kwa meno tu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua kutoka darasa la saba mpaka kiinua mgongo.

Jinsi mama yangu alivyofariki na baba alivyooa tena sitaeleza. Hayo yamekwisha semwa na watu wanaojua kusema. Naanzia mwezi wa tano wa mwaka ule, baba alipokunja blanketi, akabeba sururu begani na kwenda Geita kwenye dhahabu, kama walivyokuwa wakienda wanaume wengi wa upande wetu pamba ilipokataa. Alisema atarudi kabla ya mvua. Nilibaki na mwanamke niliyemjua kwa miezi minne tu, mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa na mwanya kwenye meno ya mbele, ambaye sikumwita mama wala sikumwita kwa jina lake. Nilipomtaka nilikohoa. Naye aliitikia kikohozi changu kana kwamba ndivyo mtoto anavyopaswa kuita, na jambo hilo liliniudhi kuliko kama angenichapa.

Vitabu vya shule vinauita msimu ule kipupwe. Sisi tulisema tu kwamba upepo umefika. Ulianza mwezi wa sita, ukavuma mchana kutwa juu ya mashamba yaliyokwisha vunwa, ukapasua midomo na visigino, na asubuhi watoto walijibanza ukutani upande wa jua wakingoja uji. Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo cha mviringo, dari jeusi kwa masizi, mafiga matatu katikati na jiwe la kusagia karibu na mlango. Kuni zilikuwa adimu. Tulichoma miti ya pamba, ambayo huwaka haraka na kwisha haraka, kwa hiyo mmoja alikoroga na mwingine alilisha moto, na watu wawili wasiosemezana walilazimika kukaa magoti yakigusana. Asubuhi alipika uji wa mtama wenye ukwaju, mzito na mchachu, wa kukwangua baridi kooni. Mchana tulikula michembe iliyochemshwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Jioni ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, nayo kwa karanga, yakipikwa polepole mpaka yatoe mafuta. Alionja mboga kwa kuidondosha kiganjani, si kwa mwiko, na kila mara alinipa mimi nionje kwanza. Nilisema imekolea hata ilipokuwa haina chumvi. Leo nina jiko la gesi mjini Shinyanga, na bado nikisikia mahali harufu ya mti wa pamba unaoungua, tumbo langu linaamka.

Lakini chakula cha kweli cha mwaka kilikuwa jabalini. Nyuma ya boma letu kuna jabali pana lililolala kama mkeka, na huko ndiko wanawake wa boma walikoanika michembe tangu enzi za bibi. Viazi vitamu huchimbwa upepo ukianza, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi juu ya jiwe siku nne au tano mpaka vikauke kabisa. Ndiyo michembe. Ikikauka sawasawa inaingia kwenye kihenge, ghala la fito lililosukwa kama kapu kubwa, mdomo unazibwa kwa udongo na samadi, na hapo familia ina hakika ya kula mpaka mvua. Ikiingia hata debe moja mbichi, unyevu unatambaa, na kihenge chote kinaoza kimya kimya huku wenyewe mnapita mbele yake mkijisifu. Kwa hiyo kuna kupima. Mama Minza alinifundisha kupima kwa sikio: unachukua kipande kutoka ndani ya lundo, unakivunja kando ya sikio. Kikavu kinasema ka, mara moja. Kibichi kinapinda kwanza. "Jicho linadanganywa na jua," aliniambia. "Sikio halidanganywi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa ameniambia mpaka siku hiyo, na niliijibu kwa kutazama pembeni.

Jioni wanaume wa boma walikaa shikome, yaani kwenye moto wa uwanjani, na kila jiko lilipeleka pale bakuli moja la ugali na moja la mboga. Walikula pamoja, bakuli hili kisha lile, na kilichobaki kilirudi kwa watoto wa jiko lile lile. Sisi hatukuwa na mwanaume wa kukaa pale, lakini Mama Minza alipeleka chakula kila jioni, na mbebaji nilikuwa mimi. Nililiona ni jambo la kujipendekeza. Mpaka siku moja, nikiwa nyuma ya ua wa minyaa nikiokota vijiti, nikamsikia baba mkubwa, kaka yake baba na mwenye boma, akizungumza na mke wake aliyekuwa akibangua karanga. Alisema mdogo wake amekwenda kumezwa na mashimo ya Geita, na asiyekuwapo na lake halipo. Mwanamke mgeni, tena mwenye mimba, hawezi kuachwa alinde nyumba peke yake. Bora arudishwe kwao akajifungulie huko. Na Minza naye amekua, kuna watu wa upande wa Meatu wameshauliza habari zake. Mama mkubwa akamwuliza haraka ni ya nini.

"Sina haraka," alijibu baba mkubwa. "Jiko lile likiendelea kuleta bakuli shikome, nitanyamaza mpaka mvua. Siku bakuli lisipokuja, nyumba imekufa. Na nyumba iliyokufa hufungwa."

Nilirudi jikoni na vijiti vyangu nikiwa nimejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba mwanamke yule alikuwa na mimba, na kwamba mtihani wangu wa darasa la saba, uliokuwa mwezi wa tisa, ulitegemea bakuli la ugali. Nilimtazama akipepeta mtama, nikaona kweli tumbo limeanza kusogeza khanga mbele. Yeye alikuwa anajua masharti ya shemeji yake kabla yangu. Ndiyo maana ugali wa shikome aliumba wa kwanza, na wetu tulikwangua uliobaki chunguni.

Mtu angedhani kwamba baada ya kusikia hayo nilitulia. Sikutulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa ngoma. Mavuno yakishaingia ndani, vikundi vinashindana mchana kutwa, na mwaka ule mashindano yalikuwa Mhunze. Wasichana wote wa rika langu walikuwa wakienda, na dada mmoja alikuwa amekwisha niahidi shanga zake za kiunoni. Lundo la mwisho la michembe, kubwa kuliko yote, lilikuwa jabalini siku ya tatu, na asubuhi mbili mfululizo kulikuwa kumeshuka ukungu, kitu kisicho cha kawaida kwetu. Mama Minza alikuwa amelala, miguu imevimba. Aliniambia niende ngomani michembe ikishaingia ndani, si kabla. Nilipanda jabalini, nikavunja kipande kando ya sikio, kikapinda. Nikavunja kingine, kikapinda. Upande mmoja tu, ule wa juu unaopata jua la mapema, ilikuwa imekauka.

Niliyoyafanya baadaye nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi mikono yangu ilivyokuwa hodari. Nilijaza makapu matano kwa ile mibichi, nikaacha nafasi, kisha juu ya kila kapu nikaweka mikavu, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu nilijua mkono wake ukizama kwenye kapu unaishia wapi. Alikuja akiburuta miguu, akainama kwa shida, akazamisha mkono kwenye kila kapu, akavunja sikioni. Ka. Ka. Mara tano. Kisha akaniuliza kama ya chini nayo imekauka.

"Imekauka, mama," nilisema.

Lilikuwa neno mama la kwanza kutoka kinywani mwangu kwenda kwake. Alinitazama, mwanya ule ukaonekana, na nikaona macho yake yakilowa. Akageuka upesi, akaniambia niwahi ngomani nisije nikakuta wamekwisha anza. Yeye mwenyewe, na miguu yake ile, alimimina makapu kwenye kihenge, akakanda samadi na udongo, akaziba. Mimi nilikwenda Mhunze nimevaa shanga za kuazima, na katika ngoma yote ile ninachokumbuka ni vumbi.

Wiki zilizofuata alibadilika, au mimi ndiye niliyeanza kumwona. Alizungumza jikoni. Alinieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akikausha nyama ya mbuzi juu ya moshi, na kwamba anamtaka mtoto wa kike ili nipate mtu wa kunibebea maji nikiwa sekondari. Alisema hivyo hivyo, nikiwa sekondari, kana kwamba jambo limekwisha. Nilikuwa nalisha moto na kuitika ndiyo, mama, ndiyo, mama, maana baada ya kuanza sikujua jinsi ya kuacha. Nilipopita mbele ya kihenge nilitazama chini. Nilijiambia labda upepo utapenya kwenye fito na kuikausha. Mtoto anayejua kosa lake huwa mganga wa ajabu, hakosi dawa ya kujipa.

Alikifungua mwanzoni mwa mwezi wa tisa, wiki moja kabla ya mtihani. Nilikuwa nimekaa na daftari mlangoni mwa jiko nikamwona akibandua udongo kwa ncha ya jembe. Harufu ilifika kwangu kabla hajasema neno, harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya maji. Aliingiza mkono, akautoa, vidole vimejaa kuvu la kijani. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, akanyoosha miguu mbele kama mtu anayetaka kumenya viazi, akatazama vidole vyake. Kisha akainuka, akaanza kutoa michembe kapu kwa kapu na kuimwaga uwanjani, polepole, akiitazama inavyotoka. Majirani wakaja. Wanawake walisimama wameshika viuno, wengine wakitikisa vichwa, maana kwetu mwanamke anaweza kusamehewa ulimi mkali na hata uvivu, lakini siyo kihenge kilichooza. Baba mkubwa alikuja na fimbo yake, akachokoa lile lundo la kijani.

"Nani alipima hii?" aliuliza.

"Mimi, Baba Masanja," alisema Mama Minza. Alikuwa amepiga magoti, tumbo limemlemea.

"Na mtoto?"

"Mtoto alibeba makapu tu. Nilipima mimi, nikafunga mimi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua tatu. Ningeweza kusema. Nimejiuliza miaka yote kama ningesema siku ile ingekuwaje, na jibu ninalijua: msichana aliyeozesha chakula cha nyumba kwa ajili ya ngoma asingesubiri mtihani, watu wa Meatu wangeitwa wiki ile ile. Lakini sikunyamaza kwa kupiga hesabu hiyo. Nilinyamaza kwa woga tu. Baba mkubwa alimtazama mama kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akasema kwamba maneno yake ya bakuli yako palepale, akaondoka.

Nilifanya mtihani. Asubuhi zote za mtihani nilikunywa uji mzito, na sikuuliza umetoka wapi. Katika kihenge kile aliokoa makapu mawili ya chini kabisa, yaliyokuwa yametangulia kuingia, na mtama ulikuwa umebaki debe moja na kitu. Mvua ilikuwa mbali. Alikwenda kulima vibarua kwenye mabustani ya bondeni, akilipwa mtama kwenye kibuyu, mpaka miguu ikakataa. Mchana tulikunywa ubuyu uliokorogwa kwa maji. Na kila jioni, jua likigusa minyaa, alisonga ugali wa shikome.

Mwezi wa kumi unga ulipungua mpaka ukawa kama konzi tatu. Jioni hiyo nilimwona akichukua kibakuli kidogo cha bati, akakifudikiza katikati ya bakuli kubwa la kupelekea chakula, kisha akauweka ugali juu yake, akauzungusha kwa kata iliyoloweshwa maji, taratibu, mpaka ukasimama mlima mzuri unaong'aa, mkubwa kuliko wa jiko lolote. Ndani ulikuwa bati tupu. Ukingoni tu ndiko ulikokuwa na unene. Tulitazamana. Aliniambia nitembee wima na nisikimbie kurudi. Nilipeleka bakuli lile nikihisi linaita jina langu, nikaliweka mbele ya baba mkubwa, nikasimama kando ya ua kungoja, kwa sababu mbebaji hungoja vyombo.

Yeye ndiye aliyekuwa akimega kwanza, kama mkubwa. Alinawa, akaingiza vidole katikati, juu kabisa ya mlima, na nikaona mkono wake ukisimama. Kucha zilikuwa zimegusa bati. Wanaume wengine walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe wa mtu fulani. Alikaa hivyo kwa kitambo cha pumzi moja, macho kwenye moto. Kisha akaurudishia ugali aliokuwa ameubomoa, akausawazisha kwa kiganja, akahamisha mkono, akamega pembeni, tonge dogo. Akachovya mboga, akala. Akamega la pili, pembeni vile vile. Halafu akalisukuma bakuli.

"Ugali wa Mama Minza unashibisha," alisema. "Mimi nimetosheka. Rudisheni kwa watoto, kuna mabakuli mengine hapa."

Hakuna aliyegusa baada yake, maana mkubwa alikuwa amesema. Nilibeba bakuli mpaka jikoni, mama akafunua, akaona matonge mawili tu yametoka, na pale juu alama za vidole vilivyosawazisha. Alizitazama alama zile. Kisha akagawa ugali ule mafungu mawili, langu kubwa, tukala, akilia bila sauti, machozi yakidondokea mkononi huku anakula. Na ikawa hivyo jioni zote mpaka mvua: bakuli lilikwenda limefudikiziwa bati, mzee alikula matonge mawili ya ukingoni, akasema ametosheka, na nyumba yetu ikala kilichorudi. Wala hakupata kumwambia mama neno zuri, na mbele za watu aliendelea kuuliza kama kihenge kingine nacho kinanuka. Nilimchukia mzee yule utoto wangu wote, na ningali nampa shikamoo kimoyomoyo ninapopita kaburini kwake.

Baba alirudi mvua ya pili iliponyesha. Alikuwa ameachana na mashimo zamani, duara lao, yaani shimo walilochimba, lilijaa maji, akaenda Nkome ziwani kuanika dagaa, na dagaa ndio aliokuja nao, nusu gunia, begani. Aliuona moshi wa jiko lake kutoka mbali, akasimama njiani, akakaa chini kwanza ndipo akaweza kuja. Shija alizaliwa wiki hiyo. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, na mwezi wa kwanza nikaenda sekondari na sanduku la mbao lenye kifuko cha michembe, mikavu, aliyoivunja mwenyewe sikioni kipande kwa kipande.

Tangu hapo nilikuwa nikija likizo, kisha nikiwa mwalimu nikawa nakuja na watoto wangu, kisha wajukuu. Kila nilipokuja, siku ya kwanza jioni, alifanya jambo moja. Aliwatuma watu wote nje, huyu maji, yule kuni, akachemsha michembe kwa karanga, akaipakua kwenye bakuli la bati, akaniwekea, akakaa mbele yangu kwenye kigoda, mikono mapajani, akanitazama nikila. Hakula. Hakusema kitu. Nikimaliza aliniuliza kama nimeshiba, nikasema wabeja, yaani asante, mama, nimeshiba, akachukua bakuli, akafungua mlango watu waingie. Niliwaambia wanangu kwamba bibi yao anapenda kuniona nikila. Nilivimba kichwa kwa ajili hiyo. Mwaka jana alikuwa haoni tena vizuri, na bado alikaa kwenye kigoda kile, uso umeelekezwa kwangu, akisikiliza nikitafuna.

Siku iliyofuata mazishi, wanawake tulikuwa jikoni tukitenganisha masufuria ya watu. Jiko sasa ni la tofali na bati, lakini mafiga ni yale yale. Mama mkubwa, ambaye hajui tena miaka yake ni mingapi, alikuwa kwenye kona anabangua karanga kwa vidole vilivyopinda. Shija alikuwa akiosha vikombe. Holo, ambaye zamu yake ya utani ilikuwa bado haijaisha, akainua kipande kimoja cha kiazi kikavu sikioni na kuanza tena, imekauka jamani. Nikamwambia aache. Alidhani natania, akaendelea.

"Holo, acha. Si yeye," nilisema. "Michembe ile niliifunika mimi. Mikavu juu, mibichi chini. Nilitaka kwenda ngomani."

Nikayasema yote, makapu matano, kiwiko, neno mama. Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Shija alikuwa ameshika kikombe, maji yakichuruzika hayajui pa kwenda. Holo aliishusha khanga ya marehemu kutoka kifuani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kinu. Aliyesema ni mama mkubwa, bila kuacha kubangua.

"Alijua, mayu," alisema. "Alikuja kwangu siku ile ile. Michembe ilitoka kwenye kihenge tabaka tabaka: iliyooza, iliyoguswa tu na kuvu, iliyooza, iliyoguswa tu. Mara tano. Akaniambia, jua halikaushi hivi, Mama Masanja, hivi hupanga mkono wa mtu."

Nilimwuliza kwa nini basi hakuniambia, miaka yote hiyo. Mama mkubwa alipuliza maganda ya karanga kutoka kwenye ungo.

"Nami nilimwuliza hivyo. Akasema, aliniita mama kwa uongo, nataka siku moja aniite kwa kweli. Atakuja kusema mwenyewe. Kila ukija likizo aliniambia, kesho Minza anakuja, huenda safari hii." Akachukua karanga nyingine. "Alikuwa anapika na kungoja."

Sikulia pale. Nilitoka. Shija alinifuata mpaka kwenye ua, akaniambia kwa upole kwamba michembe ya mama bado iko jabalini, aliianika yeye mwenyewe kwa kupapasa, siku mbili kabla ya kulala asiamke, na tangu msiba uanze hakuna aliyeikumbuka zaidi ya mbuzi. Nilipanda peke yangu, magoti yakilalamika. Upepo ulikuwa ukivuma kama ulivyovuma siku zote. Vipande vyake vilikuwa vyembamba na sawasawa, vimepangwa kwa safu, mtu angedhani aliyepanga alikuwa na macho. Niliingiza mkono katikati ya lundo la mwisho, ambalo hakuwahi kulitandaza, nikachukua kimoja, nikakivunja kando ya sikio.

Kilipinda. Chini, Shija aliita kwamba gari la Shinyanga limefika na dereva hataki kukawia. Nilimwambia liende. Nilianza kutandaza lundo lile, kipande kimoja kimoja, kila kimoja kipate jua lake, na nilipomaliza nikajifunga khanga vizuri, nikakaa juu ya jiwe, nikasema, mama, ilikuwa bado haijakauka, kisha nikangoja.